Siku Ghorofa ya Saba Iliposhushwa

Kila asubuhi Peres alipofika Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, kutoka Kawangware, alivua viatu vyake vya matope mlangoni, akapuliza jiko la makaa na kuteleka maji. Maji yakishika uvuguvugu alimwosha Nzula uso, mgongo na miguu, akampaka mafuta visiginoni, mahali ambapo ngozi hupenda kuchubuka, akamvisha. Kisha alipiga goti moja kitandani, akapitisha mikono chini ya makwapa ya Nzula na kusema, "Haya mama, twende kazi." Kwa mzunguko mmoja tu Nzula alikuwa ndani ya kiti cha magurudumu, ameketi wima, na siku ilikuwa imeanza. Mzunguko huo Peres alikuwa ameujua kwa miaka mingi. Mtu mwingine akijaribu, wote wawili waliishia sakafuni.

Nzula alikuwa mwanamke wa Kikamba wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye ulimi mkali na kicheko cha karibu. Zamani aliajiriwa na serikali kutunza masjala, kile chumba cha mafaili, hadi mwaka 1999 rafu nzima ya mafaili ya miaka ya sitini ilipomwangukia mgongoni. Uti wa mgongo ulivunjika. Mafaili hayakupata hata mkunjo. Serikali, ambayo si mbaya ukiizoea, ilimwandikia posho ya kila mwezi kama mtu aliyeumia kazini, na posho hiyo yote ilikuwa mshahara wa Peres. Chakula Nzula alijitafutia mwenyewe. Alishona sare za shule kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na akina mama wa Mutuini walimpenda kwa sababu vifungo vyake havikung'oka hata mtoto apigane. Lakini ili mtu afike kwenye cherehani, lazima kwanza atolewe kitandani. Bila posho hakuna Peres, na bila Peres hakuna kuamka. Mambo yalikuwa wazi namna hiyo.

Kila baada ya miaka miwili idara iliwaita wote wanaopokea posho, ili jopo lake liwaangalie kama bado wamelemaa. Hakuna aliyelalamika. Mtu anaweza kuunga mgongo wake kisirisiri bila kuiambia serikali, na wakora nchi hii si haba. Jopo lilikaa ghorofa ya saba ya jengo la ghorofa tisa kule Upper Hill, na mara ya kwanza Nzula alipanda kwa lifti, akaambiwa asogeze kidole cha mguu, kidole kikakataa, akapewa chai na kuambiwa aende salama.

Mara ya pili lifti ilikuwa imekufa. Haikuharibika, ilikufa. Fundi alikuja, akaiwekea kiganja mlangoni, akavua kofia na kumpa mlinzi pole. Basi Nzula alipanda ngazi kwa mikono, kinyumenyume, akiinua makalio kutoka kidato hadi kidato huku Peres akimfuata na kiti mgongoni. Alianza asubuhi na kufika watu wameshakula chakula cha mchana, viganja vimetoka malengelenge. Jopo likaandika kwamba amepanda ngazi mwenyewe, na likaikata posho yake nusu. Peres, Mungu ambariki, alikubali nusu mshahara na kuanza kufulia watu nguo mchana.

Mara ya tatu, mwaka 2006, Nzula alisema kosa moja halirudiwi. Aliwaomba walinzi wawili wambebe na kiti chake hadi juu. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Daktari Mungai, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, ambaye hajawahi kumpigia mtu kelele maishani mwake. Alimtazama Nzula, akawatazama walinzi waliokuwa wanahema.

"Huyu amebebwa," alisema. "Anayebebwa ni mgonjwa. Sisi hapa hatupimi wagonjwa, tunapima walemavu. Mama, nenda upone, halafu urudi. Nakupa mpaka Juni."

"Sasa daktari, nikipanda mnasema naweza. Nikibebwa mnasema ni mgonjwa. Nikikaa pale chini je?"

"Ukikaa chini hujafika. Na asiyefika tunajua hahitaji."

"Na lifti?"

"Lifti si ya idara yetu." Alimfikiria kidogo, kwa huruma ya kweli, kisha akamtia moyo. "Mama, usikate tamaa. Penye nia pana njia."

Karani wa jopo, msichana mmoja anayeitwa Debra, alikuwa anamimina chai wakati huo. Alimimina mpaka kikombe kikafurika kwenye sahani. Kisha akaipangusa sahani, kwa kuwa makarani hawaulizwi.

Jioni hiyo Nzula alimhadithia mambo yote hayo Mbugua, mwenye nyumba wake, aliyekuja kumletea maziwa. Mbugua alikuwa mzee wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe watatu, na zaidi ya yote alikuwa kiongozi wa kubeba nyumba. Hapa lazima tueleze kidogo, maana kuna watu wamekaa Nairobi hii tangu wazaliwe na hawajui. Mutuini ardhi ikigawanywa, nyumba hutembea. Baba anafariki, wana wanaleta mpimaji, na mpimaji akishavuta kamba yake inaonekana kwamba nyumba ya mbao ya Fulani imesimama kwenye shamba la nduguye. Hakuna anayeibomoa. Wanaume wanaitwa kwa siku moja, wanafukua nguzo, wanapitisha magogo ya mkaratusi chini ya sakafu, wanaingia chini yake mabega kwa mabega, na nyumba inabebwa nzima, na mabati yake na picha zake ukutani, hadi mahali pake papya. Mbele anatangulia mwimbishaji, akitembea kinyumenyume. Huyo ndiye Mbugua.

Mbugua alikuwa na sharti moja tu, alilorithi kwa babake: moto usizimwe. Nyumba iliyozimwa moto, alisema, ni mbao tu, na mbao ni nzito. Nyumba yenye chai motoni inajua ni nyumba, inakuja yenyewe. Miaka miwili nyuma walikuwa wameibeba nyumba ya Nzula hivyohivyo, kuivusha mpaka wa shamba la mdogo wake Mbugua, Nzula akiwa ndani anashona kola. Chai haikumwagika. Kola ilitoka imenyooka.

Mbugua alisikiliza habari ya jopo hadi mwisho. Aliweka chupa ya maziwa mezani, akamwita Nzula kwa jina la mwanawe, kama kawaida.

"Mama Muthama, hiyo ghorofa yao imejengwa na nini?"

"Simiti, Baba Nyawira. Simiti na vyuma."

"Hiyo ni uzito tu. Kuna watu ndani?"

"Wapo. Jopo lote na karani wao."

"Wanakunywa chai?"

"Ai, hiyo ndiyo kazi yao. Kutwa nzima."

Mbugua alikuna kidevu. "Basi hiyo ni nyumba," alisema, na akaenda kukama ng'ombe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Juni, ile baridi ya Nairobi inayoingia kwenye mifupa, na manyunyu yasiyoisha wala kuwa mvua. Nzula na Peres walikwenda kwa pikapu ya Mbugua inayobeba nyasi za ng'ombe. Peres alikuwa amemvalisha Nzula koti lake la kanisani. Njiani hawakuzungumza sana. Peres alikuwa amepata mama mmoja kule Lavington anayetaka mtu wa nyumbani, wa kulala hukohuko, na alikuwa amemwambia asubiri mpaka siku hiyo ipite. Nzula alijua. Lakini alichosema tu ni kwamba nyasi zinamwasha shingoni.

Nyuma yao lilikuja lori la mchanga likiwa limejaa wanaume, na magogo ya mkaratusi yamelala katikati yao. Getini walisimamishwa na mlinzi mmoja mrefu anayeitwa Joash.

"Mama una barua?"

"Barua ninayo."

"Na hawa wote?"

"Wamekuja kushusha ghorofa."

Joash alilitazama lori. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Basi waandike majina hapa, na saa ya kuingia," alisema Joash. "Na magogo yaandikwe pia. Watu hapa wanapenda kutoka na vitu."

Waliandika wote, na foleni ikawa ndefu. Humo ndani ya jengo ngazi zilikuwa zimejaa watu walioitwa na jopo tangu alfajiri. Kulikuwa na wanaotambaa, na wanaoegemea ukuta, na wanaopumzika wakisubiri miguu yao ikubali kidato kingine. Mzee mmoja wa Ngara anayeitwa Kisilu, muuza kamba na ndoo, alikuwa amefika ghorofa ya nne kwa magongo yake mawili na alikuwa anakula ndizi. Mbugua aliwapita wote akiwaomba radhi, akafika juu, akabisha.

"Hodi hapa."

"Karibu," alisema Debra.

"Chai iko motoni?"

Debra alitazama birika la umeme kwenye kona. "Ndiyo inaanza kuchemka."

"Msiizime tafadhali. Na mtu asisimame dirishani." Alifunga mlango taratibu, kwa adabu, ili asiwasumbue.

Kilichofuata watu wa Upper Hill walikiona wenyewe, na wengine wao ni watu wa benki, si watu wa kubuni mambo. Wanaume wa Mutuini walipitisha magogo chini ya ghorofa ya saba, wakaingia chini yake kwa mabega. Mbugua alisimama mbele, mgongo ukielekea kwenye hewa tupu, akainua mkono. "Haraaambee!" aliimbisha. Wakaitika, "Hee!" Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili vumbi jembamba la simiti lilishuka ukutani. Mara ya tatu ghorofa ya saba ilijibandua polepole, ikatoka.

Ngazi zilikuwa nyembamba, kwa hiyo walipitia nje. Walishuka kando ya ukuta kama watu wanavyoteremka kwenda mtoni na ng'ombe, kisigino kwanza, wakipumzika kila mahali palipo na dirisha. Ghorofa ya nane na ya tisa zilibaki palepale juu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shida nazo. Kati ya hizo na ghorofa ya sita palibaki pengo la wazi, na kupitia pengo hilo Nzula, akiwa pale chini kwenye kiti chake, aliviona vilima vya Ngong. Vilikuwa vya bluu, vimetulia, na juu yake mawingu yalikuwa yameanza kupasuka. Mwewe mmoja aliingia upande huu wa jengo na kutokea upande wa pili.

Hapana mtu aliyepiga ukelele. Muuza karanga alivua kofia yake. Magari barabarani yalizima injini moja baada ya jingine, hata ukasikia miguu ya wanaume ikikanyaga hewa na ile "hee" yao ikishuka taratibu, ikikaribia. Jua, ambalo halikuonekana Nairobi tangu Jumatatu, lilipita katika lile pengo na kuangukia uwanja wa magari, mahali ambapo jengo lilikuwa limepatia kivuli tangu lijengwe. Maji ya mvua yaliyotuama pale yalianza kutoa mvuke. Nzula alilia. Alilia bila kuficha uso, na Peres aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti alimshika mabega yote mawili na yeye akalia pia. "Bwana wa majeshi," alisema Peres. "Kuishi kwingi ni kuona mengi."

Kwenye ngazi, mzee Kisilu aliona kupitia dirisha la ghorofa ya nne meza, kabati na kalenda vikishuka mbele yake. Alimalizia ndizi yake.

"Ofisi imenipita," aliwaambia waliokuwa nyuma yake. "Turudi chini."

Waliiweka kwenye uwanja wa magari, sawasawa na ardhi, na Mbugua akakagua kila pembe kwa jicho moja kama anavyokagua nyumba za Mutuini. Mlango ulikuwa bado na namba saba juu yake. Kizingiti kilikuwa chini kiasi kwamba Nzula hakuhitaji hata kusukumwa. Alizungusha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akapiga hodi, akaingia.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya majani ya chai. Daktari Mungai na wenzake walikuwa wameketi mezani. Dirishani, pale walipozoea kuona vilele vya majengo, sasa yalionekana magurudumu ya magari na miguu ya watu. Daktari Mungai alikuwa amevuta pazia nusu kwa sababu jua lilimpiga kwenye miwani.

"Mama Nzula. Naona umepona."

"Sijapona, daktari. Nimefika."

"Hii ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya saba."

"Umebebwa?"

"Hapana."

"Umetambaa?"

"Hapana. Nimeingia kwa mlango."

Daktari Mungai alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito ameelewa hesabu hatimaye. Aliwatazama wenzake na wote wakatikisa vichwa. "Andika, Debra," alisema. "Amefika ghorofa ya saba mwenyewe. Hakubebwa, hakutambaa, na hahemi. Hakuna ulemavu. Posho imesimama kuanzia mwisho wa mwezi huu."

Nzula alisogeza kiti mpaka kikagusa meza.

"Daktari, ngoja kwanza. Si mimi nimepanda. Ni ofisi imeshuka. Hebu chungulia nje uone! Yule pale si muuza karanga?"

Daktari Mungai alichungulia. Alimwona muuza karanga, na muuza karanga akampungia mkono, naye akampungia.

"Naona, mama," alisema kwa upole. "Ni kweli imeshuka. Lakini sisi hatuandiki ofisi iko wapi. Tunaandika mtu amefika wapi."

"Guseni mgongo wangu basi. Guseni tu. Niambieni nisogeze kidole."

"Hiyo ilikuwa ni ya wale ambao hatujui kama wanaweza kufika."

Debra alikuwa ameinua kalamu na hajaishusha. Alimtazama Nzula, akamtazama daktari, macho yake yakajaa maji. Birika lilikuwa linachemka. Kisha aliandika, kwa sababu mshahara wake nao uliwaamsha watu kitandani mahali fulani, na alipomaliza alimletea Nzula kikombe cha chai chenye sukari nyingi. Nzula aliinywa. Alikuwa na kiu, na chai haikuwa na makosa.

Nje, habari zilikuwa zimeenea. Watu wote waliokuwa kwenye ngazi walishuka, na wale walioshindwa kupanda miaka nenda miaka rudi, wakaitwa watoro, walitolewa kwenye teksi na mikokoteni na vivuli vya miti. Waliingia mmoja mmoja kwa mlango wenye namba saba, nyuso zao zinang'aa. Wengine hawakuwahi kuiona ofisi hiyo tangu waumie. Vipofu waliulizia rangi ya pazia na kuambiwa. Ilikuwa kama sikukuu, haki ya Mungu. Akina mama waliimba pambio moja la kanisa na watu wa benki walilipokea. Na kila aliyeingia aliulizwa maswali yaleyale matatu, akajibu ukweli, akaandikwa kwamba anaweza. Mzee Kisilu alitoka na magongo yake, akakaa kwenye ukingo wa lami, akauliza kama kuna mtu ana ndizi nyingine.

Kabla ya saa ya kufunga ofisi, Daktari Mungai alitoka nje kumshukuru Mbugua. Alisema siku hiyo wamewapitia watu wengi kuliko mwaka wowote tangu idara ianzishwe. Kisha akaomba ghorofa irudishwe, kwani ni mali ya umma.

Vijana wengine walitaka kuiacha palepale. "Ikae hapo, mzee," walisema. "Wajue vile kunakaa chini." Mbugua alifikiri, mikono nyuma. Lakini yeye alikuwa mtu wa kazi yake, na nyumba ya mtu haiachwi barabarani, hata awe nani.

"Chai bado iko motoni?" alimwuliza Debra.

"Nimeongeza maji."

Wakaibeba. Kupanda kulikuwa kuzito kuliko kushuka. Walipumzika mara nyingi, na mmoja wao alitegua bega. Walisema baadaye kwamba ndani mlikuwa mmeongezeka kitu, ingawa hakuna aliyejua ni nini, kwa sababu meza zilikuwa zilezile na watu ni walewale. Walipoifikisha mahali pake, giza lilikuwa linaingia na pengo lilizibika. Vilima vya Ngong vikapotea. Joash aliyahesabu magogo yote getini kabla ya kuwaruhusu waende.

Peres alikaa mpaka mwisho wa mwezi, kama ilivyokuwa haki. Asubuhi ya mwisho alimwosha Nzula taratibu kuliko siku zote, akapaka visigino mara mbili, akampitishia mikono makwapani na kusema, "Haya mama, twende kazi." Lakini hakumwinua. Nzula alimwambia asiwe mjinga, Lavington kuna maji ya moto ya bomba. Kisha wakakumbatiana hivyohivyo, Peres amepiga goti, na ilichukua muda mrefu kabla Nzula hajafika kwenye kiti.

Asubuhi iliyofuata Mbugua alikuja na maziwa na kubisha hodi.

"Mama Muthama, umeamka?"

"Macho yameamka, Baba Nyawira. Mengine yanangoja."

Mbugua alibaki mlangoni. Mwanamume haingii kumwosha mke wa mtu, hata akiwa mjane, na hata akiwa ni mpangaji wa miaka mingi. Mke wake alikuwa kwa ng'ombe, kisha alikuwa na maziwa ya kupeleka sokoni, na angefika saa nne, labda saa tano. Binti zake walikuwa wameolewa. Muthama, mtoto wa Nzula, alikuwa mpishi kwenye meli na aliandika kila Krismasi.

"Mliinua ofisi nzima ya serikali," Nzula alisema kutoka kitandani. "Na watu ndani. Na birika."

"Tuliinua."

"Na mimi hapa nina kilo hamsini."

"Si uzito, mama," Mbugua alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya. "Nyumba tunainua siku moja, tunakula, tunaenda nyumbani. Mtu anainuliwa kila siku."

"Hilo ndilo nililotaka kuwaambia wale," Nzula alisema.

Mbugua aliweka maziwa kizingitini. Kisha aliondoka, na baada ya kitambo Nzula alisikia viatu vya matope nje, na magogo yakipitishwa chini ya sakafu. Moto ulikuwa haujawashwa tangu Peres aondoke, kwa hiyo nyumba ilikuwa nzito, na wanaume walinguruma. Hawakuipeleka mbali. Waliigeuza tu palepale ilipokuwa, mpaka dirisha la upande wa kitanda likaangalia mashariki, wakaishusha, wakaenda kwenye shughuli zao.

Jua likaingia. Lilianzia kwenye cherehani, likapita juu ya kiti cha magurudumu kilichoegemezwa ukutani, likafika kitandani na kumpata Nzula usoni. Kutoka pale aliweza kuona mashamba ya Mutuini, mabati mapya ya nyumba za kupangisha, na mbali kabisa, kwenye ukungu, majengo ya Upper Hill. Moja lilikuwa na ghorofa iliyochomoza kidogo upande wa kushoto, kama droo ambayo haikusukumwa hadi mwisho.

"Waliirudisha vibaya," alisema, ingawa hapakuwa na mtu chumbani.

Aliitazama kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kiti, akaona hakifikii, akaurudisha chini ya blanketi. Ilikuwa saa moja na nusu. Ng'ombe wa Mbugua walikuwa bado wanalia kule zizini, wakingoja zamu yao ya kukamwa, naye Nzula akalala akiwasikiliza.